Mikono ya Khanga ya Mama

Runazi, Biharamulo

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Sisi tu wazima, na maharage yameshakomaa.

Unauliza kwa nini watu wanasifia picha za magauni yako mtandaoni lakini hawaagizi. Nilipokuwa msichana nilishona gauni, kitambaa kikapungua, nikakata khanga kuukuu ya mama nikaishona mikono ya gauni. Kanisani nilijifunika mtandio kwa aibu. Jirani yetu mmoja akaiona mikono hiyo.

"Mikono hii umeitoa wapi?"

Nilitaka kudanganya kwamba ni ya Mwanza, lakini nikamwambia ukweli. Wiki iliyofuata akaniletea khanga ya marehemu mama yake. "Nishonee kama lako."

Gauni lako la njano nimeliona kwenye simu ya shangazi yako. Waeleze watu ulivyolishona. Hata mimi ningependa kusikia.

Bibi yako,
Veneranda