Badilisha Noti Kabla ya Kupiga

Ibaba,
9 Juni 2025

Kaka Asajile,

Salamu. Mimi ni mzima, baba ni mzima isipokuwa kifua, ng'ombe amezaa dume. Nakusalimia kwa sababu mama alitulea hivyo. Ingekuwa hiari yangu ningeanza na matusi. Kwenye simu nimekufungia, usijisumbue kupiga. Barua hii anakuletea Roda, anayekuja Tunduma kuuza maharage, na jibu umpe yeye.

Jumamosi tuliweka msalaba kwenye kaburi la mama. Mwaka umetimia. Ndugu wametoka Mbozi, wametoka hadi Mbangala, na wewe uliye karibu kuliko wote ukatuma boksi. Ndani sahani mbili za mpira za dramu na kisanduku chenye taa. Nikasema haya, angalau amekumbuka kwamba dramu ya umeme ya kanisa ina sahani tatu tu na matundu yake yote ya waya yamejaa. Nikachomeka waya kama ulivyochora. Nilifanya kila ulichoandika, isipokuwa jambo moja lililonishinda.

Ukafika ule wimbo wa mama. Mwishoni, pale kwaya inaponyamaza na sahani inalia peke yake, nikaipiga sahani yako mpya kwa nguvu zangu zote. Ikatoka filimbi. Filimbi ndefu ya refa, spika zote mbili, kanisa limejaa. Watoto wakacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Penalti." Baba akainamisha kichwa na hakukiinua mpaka tulipotoka kwenda kaburini.

Mzee Hezron, yule yule mzee wa kanisa anayesema mwanamke hakai kwenye dramu, alinitazama tu. Kiti kile kilikuwa chako kabla hakijawa changu. Niambie kama ulifanya kusudi.

Mdogo wako,
Enesi

*

Tunduma,
16 Juni 2025

Mdogo wangu Enesi,

Shikamoo kwa baba, na pole kwa baridi ya huko. Apewe tangawizi. Mimi niko salama. Foleni ya malori ni ndefu na kila dereva anataka afungiwe redio leo leo, vidole vinaniuma.

Kusudi? Wiki tatu nimehangaika na hizo sahani, nimevuka mpaka Nakonde kumbembeleza Mzambia aniachie kile kisanduku. Nikaweka na karatasi, kwa herufi kubwa: BADILISHA NOTI KABLA YA KUPIGA. Hukuiona? Au siku hizi mpiga dramu hasomi?

Sikiliza sasa, kama kusikiliza bado unaweza. Sahani ya mpira haina sauti yake. Ukiipiga, kisanduku kinatuma namba kupitia ule waya wa pini tano, wanaouita midi. Ubongo wa dramu, yaani mashine yake ya sauti, ukipokea namba unaangalia kwake hiyo ni sauti gani, ndipo unaitoa. Namba hiyo ndiyo noti. Sauti ya sahani ni 49. Mzambia alikuwa anapigia nyimbo za timu yake ya mpira, kwa hiyo sahani zote mbili alikuwa ameziweka 72, na 72 ni filimbi. Shika kitufe cha kwanza mpaka taa iwe nyekundu, gonga sahani mara moja, shusha namba mpaka usome 49, achia. Ya pili unatumia kitufe cha pili. Kazi ya dakika moja.

Ungesoma karatasi, mama angepigiwa sahani yake. Aibu yako usinitwishe mimi.

Kaka yako,
Asajile

*

Ibaba,
23 Juni 2025

Kaka,

Hatujambo. Baba bado anakohoa, na tangawizi yako tumempa.

Karatasi niliisoma. Niliisoma mara tatu. Na ilikuwa imebanwa kwa klipu na nini? Na noti ya kwacha mia moja. Unaishi mji ambao kila kona mtu ameshika bunda anakuuliza kama unabadilisha. Ulitaka mimi nielewe nini? Nilijua ni hela ya maua ya mama.

Ijumaa, siku ya kupika, watu wanamenya ndizi, nikaacha masufuria nikapanda bodaboda mpaka Isongole. Wabadilishaji wakanicheka. Wao wanashika kwacha ya Malawi. "Dada, hii ni ya Zambia, ipeleke Tunduma." Nikarudi nayo na vumbi langu. Usiku huo nilimwomba mama radhi kwa kushindwa kumnunulia maua.

Ya muziki ni nota, Asajile. Nota. Mwalimu wa kwaya alitufundisha pamoja, benchi moja, wewe ukiwa unanipiga viwiko. Noti ni hela. Umekaa na Wazambia wako mpaka umesahau, halafu unaniuliza kama nasoma.

Jana wazee wa usharika walikaa kikao na kutoa uamuzi. Nisiiguse dramu mpaka aliyeleta sahani aje mwenyewe awaeleze. Siku ni Jumapili, tarehe 13 Julai. Asipokuja, dramu inafunikwa turubai na mimi narudi kuimba safu ya nyuma. Hezron ndiye aliyeandika.

Najua unamwogopa tangu alipokutoa kanisani kwa sababu ya kupiga dramu baa. Mimi namwogopa kila Jumapili na bado nakwenda. Sijawahi kukuomba kitu. Njoo.

Mdogo wako,
Enesi

*

Tunduma,
10 Julai 2025

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Nimechelewa kujibu.

Kuhusu nota umesema kweli. Ni kosa langu. Ile kwacha ilikuwa ya maua kweli, niliibana hapo isipotee.

Kuja siwezi. Nilianza barua nyingine nikasingizia kazi, nimeichana. Ukweli ni kwamba Jumapili iliyopita nilipanda gari, nikafika Itumba, nikashuka, nikala chipsi, nikapanda la kurudi. Nikimwona yule mzee amekaa mbele, hatua chache kutoka kwenye kaburi la mama, nitatamka maneno ambayo hayarudi mdomoni. Nimeandika maelezo yote kwenye karatasi ya pili, na nimeweka sahihi. Wasomee.

Usinichukie.

Kaka yako,
Asajile

*

Ibaba,
14 Julai 2025

Kaka Asajile,

Salamu. Baba amepata nafuu, jana alitembea mwenyewe mpaka kanisani. Alikaa karibu na mlango ili akuone ukiingia. Nilimwacha akae.

Karatasi yako sikuwasomea. Imewasha moto wa asubuhi.

Mzee Hezron aliuliza, "Aliyeleta yuko wapi?" Nikasema hakuja, nitaeleza mimi. Akasema si utaratibu. Nikamwambia basi mzee, njoo uigonge mwenyewe. Watu wakaguna. Akaja, akaigonga kwa kidole, ikatoka filimbi, akaruka nyuma. Nikashika kitufe mpaka taa ikawa nyekundu, nikaisogeza namba mbele ya macho yake mpaka 49. Nikasema gonga tena. Ikalia sahani. Akagonga tena, na tena, mpaka nikamwambia mzee, inatosha.

"Kwa hiyo sahani haikuwa na kosa," akasema.

"Haikuwa nalo. Yenyewe inatuma namba iliyopewa."

"Na Asajile?"

"Huyo hata namba hatumi."

Hakucheka mtu. Akanipa vijiti vyangu mkononi, akaenda kukaa. Nikaupiga wimbo wa mama tangu mwanzo, na mwishoni sahani ikalia inavyotakiwa. Baba aliinua kichwa. Nilipomaliza sikuwa na furaha, Asajile, nilikuwa na hasira. Nilikuwa namtazama baba na ule mlango.

Sahani ya pili sijaigusa. Nimeiacha 72, upande wa mkono wangu wa kushoto. Siku utakayoingia kanisani, hata ikiwa katikati ya sala, nitaipiga, na utasimama pale mlangoni mpaka imalize kulia.

Kwacha yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Hapo Tunduma wanaibadilisha kila kona. Inatosha nauli.

Mdogo wako,
Enesi