Mstari wa Kunde Usiomwagiliwa

Mama Mwende mpenzi,

Kwa masikitiko makubwa naitangazia familia, na Migwani nzima huko nyumbani ikibidi, kwamba jana hapa Kathonzweni mumeo alimwagilia kunde.

Tulikuja sisi walimu, si unajua, kuona shule ya hapa inavyofundisha kwa miradi. Watoto wa Gredi ya Sita wamepanda mistari miwili: mmoja umefunikwa nyasi kavu, mwingine uko wazi. Kila asubuhi wanaipiga picha kwa tableti waone upi utastahimili hili jua. Ule wa wazi ulikuwa umenyauka hadi nikauonea huruma, nikachukua debe la maji.

"Mwalimu, huo tulikuwa tunangoja ukauke," akasema Kalekye, kiongozi wao. "Hukuona kibao?"

"Sikukiona, mama."

Kazi ya wiki tatu ikaishia hapo. Hakunigombeza. Alinipiga picha na debe langu mkononi, akaandika: "Mgeni amemwaga maji. Tunaanza upya." Wakashika majembe.

Jumatatu naanza mradi kama huu na darasa langu, mikono yangu ikiwa mfukoni. Nawe uliyemsukia Mwende kikapu cha mradi wa shule mpaka ukapewa alama nzuri, jiandae kukaa kando pamoja nami. Wasalimie watoto, na muthokoi wangu usiishe sufuriani kabla sijafika.

Kesho kabla ya kuondoka nitamwambia Kalekye ukweli, na wewe nakuambia leo. Kibao nilikiona. Nilivaa miwani nikakisoma, "Usimwagilie", kisha nikajiambia watoto hawa wamekosea.

Baba Mwende