Uji wa Mwanaidi

Mama yangu,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia? Mimi huku pwani mwili salama, ila nimefura kwa hasira. Nimeona niandike, maana kwenye simu nikianza kulalamika unaniambia, "Sali, mwanangu," halafu unampa simu Dada Zawadi.

Ulikuwa ukisema Mungu alininyima nguvu za shamba akanipa subira. Basi ndiyo ninayofundishia hapa darasa la awali. Watoto wangu wanajipakulia uji wenyewe, ukishapoa, nami nangoja. Mwanaidi, wa miaka mitano, aliumwaga wiki mbili nzima. Sasa hadondoshi hata tone. Lakini nani anayeliona hilo? Walimu wenzangu wananiita yaya. Wavuvi nao wakinikuta nafuta makamasi wanauliza kama nanyonyesha pia. Nimechoka, Mama, nimechoka kweli.

Jumatatu mwalimu mkuu kaja wakati wa uji, kamnyang'anya Mwanaidi upawa, kawapakulia wote yeye mwenyewe chapuchapu. Kisha akaniambia mbele yao, "Mwanaume mzima unapotea bure huku. Wiki ijayo nenda darasa la saba, hapa nitaweka mtu mwenye kasi."

Unajua nilijibu nini? "Sawa, mwalimu." Basi. Kwa watoto naiita subira, kwa wakubwa ni woga mtupu, na siku nzima nilijichukia.

Jana hasira zilikuwa hazijaniisha. Mwanaidi kashika upawa, polepole kama kawaida yake, nami nikaona ananichelewesha. Nikamnyang'anya, nikampakulia. Hakulia. Lakini baadaye kifungo cha shati kilipomfunguka, alikuja akasimama mbele yangu, mikono chini, akingoja nimfungie. Na huyu mtoto anajifunga vifungo mwenyewe tangu mwezi uliopita.

Niliona haya, Mama, hata sikujua niangalie wapi.

Kesho asubuhi naingia ofisini kwa mwalimu mkuu kumwambia kwamba darasa langu siliachi. Akitaka kuniandikia barua ya onyo kwa ukaidi, aandike. Safari hii usiniambie nivumilie.

Msalimie Dada Zawadi, mwambie dawa asikuachie uzinywe kwa kukumbuka mwenyewe. Mjomba fundi cherehani na yule bibi jirani anayekuletea maziwa, wote nawasalimu.

Mwanao akupendaye,
Elia