Owiti, Ulimpa Mhindi Maneno Yangu

Owiti,

Wewe umelala chini, mimi bahati imeniangukia mpaka majirani hapa Otonglo wamenuna. Nakato amerudi. Ndiyo, Nakato wangu wa Jinja, yule uliyemfukuza. Ninavyokuandikia yuko jikoni ananipikia matoke. Meza mate huko uliko.

Usijidanganye kwamba nimekukumbuka. Nina hasira na wewe, na hukuningoja nikutukane ukiwa mzima.

Mimi nimetembea, Owiti. Nimefika Mombasa, nimefika Mwanza, nimekula na watu wakubwa. Sijaona mwongo kama wewe. Unashika maikrofoni kwa banda lako la video, unawatafsiria watu sinema za Kihindi, na Kihindi hujui hata salamu! Na walikuamini kuliko pasta.

Siku ile ulituwekea ile ya kijana na msichana waliotenganishwa na mpaka. Nakato amekaa karibu na mimi, anakula njugu kwa mkono wangu. Kijana akafika kwa geti, msichana yuko ng'ambo analia, na wewe ukavuta pumzi: "Dada, nakupenda, lakini kwenu siendi. Mamangu akisikia ni mgeni, hatakula chakula chako. Ngoja hapo tu, utachoka mwenyewe."

Hayo yalikuwa maneno yangu juu ya Nakato! Nilikuambia wewe peke yako, tukila samaki pale ufuoni. Banda zima likacheka. Na mimi nikacheka, tena kuliko wote, ili nisijulikane. Nakato akaniangalia. "Ni wewe huyo anaongea?" Nikamwambia ni sinema tu. Akachukua mkoba wake akapita katikati ya watu. Na kwa picha pale ukutani kijana alikuwa ameruka geti zamani, anamkumbatia msichana wake. Kumbe hakusema kitu kama hicho hata kidogo.

Nilipokukamata shingo ukasema, "Omera, ndugu yangu, mimi nimetafsiri tu." Mjinga wewe.

Halafu ukaenda kufa. Kifua cha wiki mbili, basi. Nani alikutuma?

Kwa mazishi yako Asembo Bay, Nakato alikuja. Alivuka mpaka peke yake na mkungu wa matoke, kwa ajili yako, wewe uliyemfanya achekwe. Akamuuliza mama yako niko wapi. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nimechutama na sahani yangu. Mimi! Na mdomo wote huu! Nikakaa pale mpaka akaondoka.

Mama yako alinipa maikrofoni yako. Watu bado wanaitaka sinema ile, na kila mara yule kijana akifika kwa geti, mimi nanyamaza. Wanapiga kelele, "Ongea, bwana!" Sina la kumpa. Yeye hakuwa na woga, Owiti. Mwenye woga ulimtafsiri sawasawa, na hilo ndilo nisilokusamehe.

Jumamosi nafunga banda. Navuka Busia, nafika Jinja, namwambia Nakato kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama yangu ale asile. Naapa kwa udongo niliokutupia.

Oriti, Owiti, kwaheri. Lala, adui yangu.

Na Nakato hayuko jikoni. Hajarudi. Nilikudanganya. Matoke nimepika mwenyewe, yameungua.