Mke Mwenza wa Miguu Minane

Jumapili, 7 Agosti 2016
Wiki tatu tangu harusi! Bado naandika "Bi. Kithaka" nyuma ya daftari kama msichana wa Form Two. Baada ya kanisa mume wangu amenifundisha kumlisha Bibi. Panzi mmoja, kwa kibano, polepole. Bibi ni tarantula – buibui mkubwa kama kiganja changu, manyoya rangi ya chai ya maziwa. Kithaka alimtoa shimoni huko kwao Kiritiri akiwa Form One, miaka kumi na minne sasa. Anasema majike huishi hata zaidi ya ishirini. Madume hufa mapema. Nikamwambia, basi wewe usiwe dume la buibui! Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Bibi namwita mke mwenza wangu. Sina wivu hata kidogo.

Jumatano, 10 Agosti
Kithaka yuko Kiambere, kazi ya nyaya za umeme, hadi Jumapili. Nimevaa shati lake siku nzima. Bibi amekataa panzi! Nikapiga simu. Akasema, tulia mpenzi, anakaribia kujivua ngozi. Akianza, usiguse sanduku lake la kioo, hata kulisogeza – atakufa. Nimekuachia wewe, Kanana. Sauti hiyo! Nitaweza.

Ijumaa, 12 Agosti
Mama mkwe anakuja kesho! Mara yake ya kwanza hapa Majengo. Nimempigia Kithaka, kumbe! Kabla ya harusi mama aliapa kwamba akimkuta yule mdudu kwetu hataonja hata maji. Naye Kithaka akamwambia ameshampa mwalimu wa sayansi. Mume wangu mtamu, mwongo! Mama mkwe akikataa chakula changu siku ya kwanza, ukoo mzima utajua kabla hajafika nyumbani. Makandi wa mlango wa pili amekataa kumhifadhi Bibi. Afadhali nimletee simba, anasema. Sawa. Kesho nitamsukuma chini ya kitanda.

Jumamosi, 13 Agosti
Saa moja asubuhi. Bibi yuko chali, miguu juu! Nilidhani amekufa. Kisha nikaona ngozi imepasuka ubavuni. Ameanza! Basi hasogezwi. Chumba ni kimoja, na sitamfunika kwa leso kama mwizi. Nitasema ukweli.

Saa saba. Nimesema. Mlangoni, hata kabla hajatua kiondo. Mama, yule mdudu yupo, tulikudanganya, na leo akiguswa atakufa.
Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.
"Kwa hivyo mwanangu ananidanganya, na wewe unamtetea buibui?"
"Nawatetea wote wawili, Mama."
"Una mdomo, wewe."
Akaenda moja kwa moja kwenye kioo cha sanduku, kwa hasira, aone huyo aliyemshinda. Miguu ilikuwa inachomoka taratibu kwenye ngozi kuukuu, laini, myeupe kama mahindi mabichi. Akavuta kigoda.

Saa nane na nusu. Bado yuko pale. Naandika karibu na jiko. Kuku na mukimo nimepasha mara mbili, hajagusa. Nimeangusha mwiko, akageuka kwa ukali: "Polepole, msichana! Unataka kumwua?" Kithaka anapiga simu mara ya tatu, nimeizima. Maji ya kunawa yamo kwenye beseni, yana uvuguvugu. Sijui nimwite mezani, au nimpelekee sahani pale pale kwenye kigoda –