Siku Nne Katika Kumi na Mbili

Jumatatu, 11 Agosti
Madaftari arobaini na moja ya darasa la tano. Rahisisha sehemu. Nusu yao wamegawanya juu, chini wameacha! Nimesema mpaka koo limekauka: tafuta kigawo cha pamoja, gawanya juu na chini.

Jioni kikao cha kamati ya mfereji. Mimi ndiye katibu. Zamu za maji ya mpunga ni za kizamani: kila kundi, la juu, la kati na la chini, siku nne katika kumi na mbili. Nikawaonyesha kwenye karatasi. Nne inaingia kote. Inabaki siku moja katika tatu. Hakuna tena kusubiri siku nane. Wamenipigia makofi, wakapitisha. Nimefurahi, sikatai.

Jumapili, 17 Agosti
Mama kaja anawaka. Jaruba lake la mpunga ndilo la mwisho kabisa mferejini huku Kilangali. Zamu mbili, hata tone halijamfikia. Eti nimewapunja, tena kasema mbele za watu! 4/12 na 1/3 ni kitu kile kile! Wa juu wanaiba maji, basi. Nimekereka mno.

Jumatano, 20 Agosti
Zamu ya chini tena. Nimeomba ruhusa shuleni nikamkamate mwizi. Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye banio, pale maji yanapofunguliwa kuingia mferejini. Nimefuatana na maji kwa miguu.

Hakuna mwizi.

Hadi katikati yalikwenda vizuri. Kuanzia hapo mfereji ulikaa mkavu siku mbili, umepasuka, unayanywa yote. Yamefika kwa Mama jioni, banio likafungwa. Kesho zamu ya wengine, mfereji utakauka tena. Zile siku nne zilikuwa mfululizo: ya kwanza kulowesha mfereji, tatu za mpunga. Mimi nimewaachia ya kulowesha tu.

Mwalimu mzima! Mjinga ni mimi.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimeitisha kikao. Nimesema kosa ni langu. Mwenyekiti, aliyepiga makofi kuliko wote, leo anadai alinionya. Mnafiki mkubwa! Nimenyamaza kwa sababu nilitaka zamu zirudi. Zimerudi. Siku nne nne, kundi la chini linaanza kesho.

Jumamosi, 23 Agosti
Maji yamejaa kwa Mama. Yamechelewa. Theluthi ya mpunga imeungua. Jirani katugawia miche iliyobaki kitaluni kwake, haitatosha sehemu yote iliyoungua.

Tumeng'oa iliyokufa, tumepanda tangu asubuhi. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mchana aliuliza imebaki mistari mingapi. Nikahesabu. Sita katika kumi na nane, Mama.

Nikaishia hapo, sikurahisisha. Akanipa miche, tukaendelea.