Mafuta ni Mafuta

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimekuwa fundi. Bila cheti, bila kuzabwa kofi na fundi yeyote. Kichwa tu na video za kwenye simu.

Mzee wangu kila Jumamosi ana ibada yake ya gari. Anavua pete, anaitia mfuko wa shati. Anakunja mikono ya shati. Anachomoa ufunguo. Anaweka jiwe nyuma ya tairi — na uwanja wetu umelala sawa kama meza! Ndipo anafungua boneti. Halafu anangoja. Anangoja nini? Eti injini ipoe. Kuna mtu alifungua kifuniko cha rejeta ikiwa moto akapata uso mpya. Simwulizi tena ni nani, nishamsikia huyo mtu mara mia.

Ndiyo maana namwita Konokono. Si mbele yake, bado napenda meno yangu. Miaka thelathini na moja ameendesha gari la wagonjwa, hajakwaruza hata ukuta. Mimi nasema wagonjwa walikuwa wanapona wenyewe njiani kwa kuchoka kungoja kufika. Hiyo nilimwambia siku moja. Alicheka mpaka akakohoa.

Leo goti linamsumbua. Kakaa kibarazani, mguu juu ya stuli. Akapaza sauti: niangalie mafuta, yakiwa yamepungua nimwite. Nimwite! Kama mtoto aliyeona mjusi.

Nikachomoa kile kijiti cha injini, nikakifuta, nikakichovya, nikakitazama. Mafuta yapo. Lakini kule nyuma, karibu na kioo, nikaona kitangi kidogo cha plastiki chenye mistari miwili, na mafuta yake yako chini ya mstari wa chini. Aha! Hiki Mzee hakukiona, na macho yale! Kwenye kifuniko pameandikwa DOT 3. Doti mimi nazijua za kanga. Doti tatu ndani ya boneti zimefuata nini? Nikaenda stoo, kopo la mafuta liko moja tu, na mafuta ni mafuta. Nikajaza mpaka mstari wa juu. Sikumwaga hata tone!

Mzee akauliza, vipi? Nikamwambia yako sawa. Sikumwita. Nimwite aje anisimamie na miwani yake? Gari lenyewe linajua nani kalihudumia.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaambia wenzangu kibandani, tunapouza vitu vya simu: kuanzia leo niiteni Daktari. Muuza vifuniko vya simu akasema daktari gani aliyekimbia shule kidato cha pili. Nikamwambia wewe uliyemaliza unauza vifuniko, mimi niliyekimbia nauza vifuniko, nani alipoteza muda? Wakacheka wote. Yeye pia, lakini kwa shida.

Jumatano, 12 Machi

Mzee karudi kutoka kumpeleka Pengo shule. (Pengo ni mtoto wa dada yangu, meno ya mbele yote mawili yameenda likizo.) Akasimama mlangoni na ufunguo mkononi, anawaza. Akasema pedali ya breki haieleweki. Mara inakaza kama jiwe, mara inazama. Anataka gari lipumzike mpaka fundi alione.

Nikamwambia, "Mzee, breki hazina neno. Ni huo mguu. Goti limezeeka, unalisingizia gari."

Nilidhani atanirushia kandambili. Hakunirushia. Aliutazama mguu wake, akaukunja, akaukunjua. Akacheka kidogo. Akasema, "Inawezekana, bwana mkubwa."

Nimejisikia vizuri kweli. Mara moja moja na yeye apatikane!

Ijumaa, 14 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Mzee kagonga. Kwenye mteremko wa kwa wauza mbao, anamrudisha Pengo kutoka shule. Walioona wanasema gari lilikuja tu, taratibu, halisimami. Akapiga honi. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akalipeleka kwenye rundo la mbao badala ya njia panda. Muuza mbao anasema angekuwa dereva mwingine tungekuwa tunasema mengine saa hizi.

Pengo kauma mdomo wake mwenyewe. Kashonwa nyuzi mbili. Mkanda alikuwa amefungwa, Mzee hawashi gari mtu hajafunga mkanda. Mzee ana alama ya usukani kifuani.

Nimemkuta amekaa juu ya mbao, vumbi la msumeno kichwani. Nikamwuliza imekuwaje. Hakunitazama. Akasema, "Mguu haukufika. Nilikanyaga, lakini nadhani nilichelewa."

Jumamosi, 15 Machi

Dada kaja na Pengo. Pengo anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, anaonyesha nyuzi zake kama medali. Kaniambia, "Mjomba, babu aliendesha kama kwenye sinema!"

Dada hakucheka. Dada anafanya kazi duka la dawa, anaona wazee kila siku, anaongea nao kwa sauti ile ya taratibu, ya kupanga vidonge. Leo kaongea nayo kwa baba yetu. "Baba, hakuna anayekulaumu. Ni umri tu. Ufunguo tuuweke pembeni. Gari tuliuze likiwa bado linauzika."

Nilingoja Mzee angurume. Mzee wangu akinguruma paka wa jirani wanahama! Akasema, "Sawa mama. Ningemuua mtoto wako."

Hivyo tu. Akatoa ufunguo mfukoni akautundika kwenye msumari, kandokando ya kalenda.

Gari limevutwa mpaka uwanjani, lakini leo hakuna jiwe nyuma ya tairi. Hakuna pete mfuko wa shati. Saa nne, saa yake ya gari, alikuwa kitandani na viatu vyake.



Jumatatu, 17 Machi

Fundi alikuja. Tunamwita Tisa na Nusu, ndivyo vidole vilivyobaki. Ile nusu nyingine ililiwa na mkanda wa feni, alitia mkono injini ikiwa inanguruma. Ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuicheka ibada ya Mzee.

Tumesimama watatu, boneti wazi. Akafungua kile kitangi cha doti tatu. Mpira wa ndani ya kifuniko umevimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Akachovya kidole, akasugua, akanusa. Akachovya tena kana kwamba kidole kimemdanganya.

Akasema haya si mafuta ya breki. Haya ni ya injini. Mafuta ya injini yakiingia humu yanavimbisha mipira yote, pedali inakaza, halafu siku moja inazama moja kwa moja. Mipira yote itoke, mabomba yote yasafishwe. Akauliza, nani kaweka?

Masikio yangu yalipata moto. Nilikuwa na neno hapa, kwenye ncha ya ulimi. Moja tu. Mimi. Herufi nne, na hata aliyekimbia kidato cha pili anaziweza.

Mzee akasema, "Ni mimi."

Fundi akainua macho. "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha nisichanganye haya mafuta."

"Ndiyo. Na mwingine anayeligusa gari hili ni nani? Niliweka nikasahau. Sikumbuki hata siku." Akaangalia viganja vyake, mbele na nyuma, kama vya mtu mwingine. "Basi si mguu. Ni kichwa."

Fundi akafunga boneti polepole, kwa mikono miwili, kama anamfunika mtu.

Mimi nikasema nakwenda kuleta maji ya kunawa. Hilo ndilo neno nililosema. Maji ya kunawa.

Jumanne, 18 Machi

Sikwenda kibandani. Nimetazama video ile ile niliyoitazama kabla ya kuwa Daktari. Dakika ya tatu yule mtu anasema, soma kifuniko, usiweke chochote usichokijua. Nilikuwa nimeiruka hiyo sehemu. Niliiona ndefu.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwona Mzee leo na yeye hakuniona.

Kaenda kununua sabuni dukani, ng'ambo ya barabara. Mimi natoka huku juu. Kasimama ukingoni. Barabara tupu. Nimeangalia kulia, nimeangalia kushoto — hakuna gari, hakuna baiskeli, hakuna kuku! Kasimama. Kaweka mguu mmoja chini, kaurudisha. Kasubiri. Mtu aliyepita na king'ora katikati ya mji huu miaka thelathini na moja.

Mwishowe mama mmoja mwenye ndoo akavuka, na yeye akavuka nyuma yake, karibu karibu, kama mtoto.

Nilirudi nilikotoka. Nimezunguka njia ya mbali kufika nyumbani.

Alhamisi, 20 Machi

Nimesema!

Alikuwa anakunywa chai. Nilisimama, sikukaa, nilihisi nikikaa nitaanza utani. Nikasema Mzee, yale mafuta niliweka mimi. Jumamosi ile goti lilikuwa linauma. Ulisema nikuite, sikukuita. Hata lile la mguu nililisema kukutania tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini. Macho yake yakajaa maji na mimi nikajua, basi, kofi linakuja, na lije tu.

Akasema, "Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

Akasema amefurahi. Hakujua kuwa nimekua kiasi hiki, cha kutaka kumbebea baba yangu aibu yake. Lakini asingependa niwe mwongo kwa ajili yake. "Wewe boneti yenyewe unanyanyua na mkono mmoja umeshika simu. Ungejaza kitu bila kumwaga hata tone? Ningekuta mafuta mpaka kwenye taa."

Nikaapa. Nikaapa tena. Nikamwambia kopo lilikuwa stoo, rafu ya chini, kifuniko chekundu. Akatikisa kichwa, anatabasamu, lile tabasamu analompa Pengo akisema ameona simba. "Uliniambia pia umemfundisha fundi kufunga plagi. Uliniambia umeendesha lori." Kweli. Nilimwambia. Nimemwambia mambo mengi mimi, tangu nijue kuongea.

Akanishika bega. Akaniambia asante!

Nikafikiria kumletea daftari hili asome mwenyewe, tarehe nane, wino wenyewe. Nikalifungua kwanza nisome mimi. Konokono. Macho yale. Na lile la miwani yake. Nikalirudisha chini ya godoro. Mwoga ni mwoga, hata akiwa ametoka kujisifu kwamba amesema.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia Dada. Kabla sijamaliza sentensi akanikatiza: "Baba kanipigia jana. Kaniambia utakuja na hadithi hiyo. Alikuwa analia, unajua? Kwa furaha." Akasema nina moyo mzuri, ila niache, namchanganya mzee na kichwa chake ndicho hicho.

Nikamwambia Dada, mimi sina moyo mzuri! Akasema haya, kalale.

Mnunuzi anakuja kesho. Dada kampata.

Jumamosi, 22 Machi

Saa nne kasoro. Naandika chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo.

Mnunuzi yuko uwanjani. Mwalimu mstaafu, mpole, shati limepigwa pasi. Kaja na gari la kulivuta letu, na Tisa na Nusu wa kuangalia. Mzee kaamka mapema kaliosha gari, kapuliza matairi upepo mwenyewe kwa pampu ya mguu. Nasikia anamwambia mnunuzi, "Gari halina kosa. Kosa lilikuwa la dereva." Anamwonyesha kila kitu, bila kuficha: breki zinazotaka mipira mipya, kioo kinachosumbua, mlango unaotaka kuinuliwa kidogo. Anamwambia asubiri injini ipoe kabla ya kugusa rejeta. Anamsimulia yule mtu wa uso mpya. Mnunuzi anauliza ni nani huyo. Mzee anasema, "Mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilijiona fundi."

Lo. Miaka yote hii. Ile alama shavuni, mimi nilidhani ni ya kuzaliwa.

Sasa wanataka ufunguo. Usukani umejifunga, bila ufunguo gari haligeuki, halivutwi. Hauko kwenye msumari. Uko mfukoni mwangu, nimeuchukua alfajiri. Nilikuwa na mpango: wakiukosa wataondoka, nami nitapata siku moja ya kumtafuta mtu wa kuniamini. Mpango mzuri kabisa. Wa Daktari.

Nasikia viti vinasogezwa. Dada anafungua droo za jikoni. 

Dada anasema, kwa sauti ile ya vidonge: "Baba, hebu jaribu kukumbuka. Uliutundika, halafu ukafanya nini?"

Mzee anasema, "Samahani sana, mwalimu. Naona nimeuweka mahali. Siku hizi ndivyo nilivyo."

Anapapasa mifuko yake. Nasikia sarafu. Anapapasa tena, mfuko ule ule. Anasema samahani mara ya pili.

Naweka kalamu chini, nikafungue. Komeo la mlango huu ni zito.